Mfumo wa Duka: Sura Imeshuka Bei, Kazi Haijashuka

Kuna wakati skrini safi, yenye vitufe vilivyonyooka na orodha ya bidhaa inayosomeka, ilitosha kumwambia mwenye duka kwamba aliyetengeneza mfumo anaijua kazi. Kupanga skrini ya aina hiyo kulikula siku nyingi za kuandika msimbo kwa mkono, na asiyejua kuuandika hakufika popote. Leo kijana mwenye laptop ya mtumba na bando la wiki anaburuta kitufe, anakidondosha anapotaka, anakipa rangi, na zana inamwandikia msimbo yenyewe. Badiliko hilo husifiwa kama neema tupu. Nadhani limevuruga bei katika biashara ya mifumo ya maduka kati ya Magomeni na Kariakoo, jijini Dar es Salaam: mnunuzi bado analipia kile anachokiona, na anachokiona ndicho kilichogeuka kuwa karibu bure.

Magomeni ina nafasi nzuri katika biashara hii kwa sababu za kijiografia tu. Iko kando ya Barabara ya Morogoro, na tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016, mtu anapanda Magomeni Mapipa, anavuka Jangwani na kushuka Gerezani, mlangoni mwa soko, labda mvua iwe imefunga bonde la Msimbazi. Upande wa pili, ukifuata Barabara ya Kawawa kisha Ali Hassan Mwinyi, unafika Kijitonyama, kwenye Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taasisi ya Teknolojia, DIT, iko katikati ya jiji. Wanaojifunza kutengeneza programu na wanaozihitaji wanatenganishwa na nauli ya basi moja. Kinachowatenganisha zaidi ni kwamba mmoja anajua kilichomo ndani ya mfumo na mwingine hajui.

Zana zenyewe si ngeni. Kompyuta za NeXT zilikuja na Interface Builder mwaka 1988, Microsoft ikatoa Visual Basic mwaka 1991, Borland ikafuata na Delphi mwaka 1995. Wanaotumia programu huria wana Glade, Qt Designer na Lazarus, wanaojifunza wana App Inventor iliyozaliwa Google na kulelewa MIT, na wanaotengeneza programu za simu wana FlutterFlow, inayogeuza mchoro kuwa msimbo wa lugha ya Dart. Rangi na majina hubadilika, lakini mpaka wa kazi ya zana hizi haujahama. Katika Visual Basic ulichora kitufe, ukakibofya mara mbili, na zana ikakufungulia mahali patupu pa kuandika kitakachotokea kitufe kikibonyezwa. Pale patupu ndipo programu inapoanza. Zana imekufikisha mlangoni na kukuachia ufunguo, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kumuuzia mtu mlango kwa bei ya nyumba.

Tuseme kitufe hicho kimeandikwa "Uza" na duka ni la jumla, Kariakoo. Mteja ametoka Lubumbashi au Moroni, anachukua katoni tatu na dazeni moja, kwa bei ya maelewano ambayo haikuandikwa popote. Sehemu analipa taslimu, sehemu kwa lipa namba, na iliyobaki ni mali kauli mpaka safari ijayo. Mfumo unapaswa kuzigeuza katoni na dazeni kuwa vipande ndani ya stoo moja, kulitunza deni kwa jina la mtu na siyo kwa namba ya mauzo tu, na kutofautisha pesa iliyoingia kwenye simu na ile iliyoahidiwa. Kisha kuna risiti. Tangu mashine za kielektroniki za risiti, EFD, zianze kutumika nchini mwaka 2010, mauzo ya wafanyabiashara wengi lazima yafike Mamlaka ya Mapato, ama kwa mashine ama kwa programu iliyoidhinishwa. Ikiwa umeme au mtandao umekatika katikati, mfumo lazima ujue kama mauzo yale yamehesabiwa au hayajahesabiwa, maana kuhesabu mara mbili ni kodi ya bure na kutohesabu ni kosa. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana kwenye skrini siku ya maonyesho. Skrini ya mfumo unaoyajua yote haya na skrini ya mfumo usiojua lolote zinaweza kufanana kama pacha.

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Mwaka 1970 George Akerlof aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika huko Marekani, kazi iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni kwamba muuzaji anapojua kasoro za gari na mnunuzi hazijui, mnunuzi hutoa bei ya kati kwa kila gari. Mwenye gari zuri huona anapunjwa, hujitoa, na soko hubaki na mabovu. Kariakoo haikuhitaji profesa kuilewa hoja hiyo, kwani kila anayeuza simu halisi kando ya anayeuza feki anaijua. Katika mifumo ya maduka, sura ndiyo iliyokuwa alama ya kumtenga fundi na mbabaishaji. Zana za kuchora zimeigawa alama hiyo kwa kila mtu. Mtengenezaji aliyetumia miezi kuunganisha stoo, madeni na risiti anakuta mwenzake ametaja sehemu ndogo ya bei yake kwa skrini inayopendeza zaidi, na mwenye duka, kwa mantiki kamili ya mtu asiyeona ndani, anamchagua wa bei nafuu. Miezi michache baadaye daftari la madeni linarudi kaunta, na mwenye duka anawaambia wenzake kwamba mifumo ni utapeli. Hasara hiyo ya mwisho inawaangukia hata wasiohusika.

Fedha nyingi zaidi ziko kwa anayemiliki zana. Mwaka 2022 Adobe ilitangaza kuinunua Figma, programu ya kuchora violesura, kwa takriban dola bilioni 20. Mpango ukavunjwa Desemba 2023 baada ya wadhibiti wa Ulaya na Uingereza kuupinga, na Adobe ikalipa dola bilioni moja kwa kujitoa. Dunia inathamini kuchora, ila inamlipa anayekodisha kalamu. Anayeikodi hushindana na wengine wote walioikodi.

Watengenezaji wakongwe wana pingamizi lao: msimbo unaoandikwa na zana ni mchafu, mzito, na haurekebishiki. Silikubali moja kwa moja. Zana nyingi za sasa hutoa msimbo wa skrini ulio nadhifu kuliko wa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na kupanga vitufe kwa mkono si ustadi unaostahili ulinzi. Swali zito zaidi ni msimbo huo unakaa wapi na ni wa nani. Glade, Qt Designer na Lazarus huacha mafaili kwenye kompyuta ya fundi. FlutterFlow inaruhusu kupakua msimbo kwa anayelipia. Bubble, zana nyingine ya kuchora programu, hairuhusu: siku ukiacha kulipa, mfumo wako hauna pa kuhamia. Na malipo ni ya dola, kila mwezi, ilhali kanuni za mwaka 2025 zinakataza kumtajia mteja wa ndani bei kwa fedha za kigeni, kwa hiyo fundi anabeba peke yake hatari ya shilingi kushuka. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mifumo inayoishi kwenye seva za ng'ambo ilipata shida wakati duka lenye mfumo ndani ya kompyuta yake liliendelea kuuza. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Orodha ya wadaiwa wenye majina na namba za simu ni taarifa za watu. Hata zana za kampuni kubwa hufikia mwisho: Visual Basic 6 ya mwaka 1998 iliachwa na Microsoft mwaka 2008, na walioijengea biashara yao yote wakabaki na mafaili ambayo mafundi wapya hawakutaka kuyagusa.

Pingamizi jipya linatoka upande wa pili: akili unde sasa haichori mlango tu, inaandika hata pale patupu nyuma ya kitufe. Ni kweli, na inaandika vizuri kuliko wengi wanavyopenda kukiri. Lakini haiwezi kukuombea idhini ya Mamlaka ya Mapato, haiwezi kusaini mkataba na kampuni ya simu ili mfumo uthibitishe malipo ya lipa namba, na haijui kwamba katika duka fulani dazeni ya bidhaa fulani ni kumi na moja kwa sababu moja hupewa mbebaji. Mambo haya hupatikana kwa kusimama kaunta na kuuliza. Akili unde inaongeza tu idadi ya mifumo yenye sura nzuri ambayo hakuna aliyeijaribu, na kwa hiyo inalizidisha tatizo la Akerlof.

Atakayesema kwamba duka dogo la mtaani Magomeni halihitaji makuu yote haya yuko sahihi. Genge au duka la mangi linalouza sukari ya kupima linaweza kuishi na programu rahisi iliyochorwa kwa siku mbili, na hapo zana ya kuchora ni msaada wa kweli. Ina faida hata katika kazi kubwa: fundi anaweza kumwekea mwenye duka skrini mbele yake kabla hajaandika chochote, akaambiwa bei ya jumla ikae juu na deni lionekane kwa rangi nyekundu. Kinachopaswa kubadilika ni mpangilio wa malipo. Mchoro ulipiwe kidogo, mapema. Fungu kubwa lilipwe baada ya mfumo kufunga hesabu za mwezi mzima na kulingana na stoo iliyohesabiwa kwa mikono. Na mkataba useme wazi kwamba mafaili ya msimbo ni ya mwenye duka.

Mwenye duka mmoja hana nguvu ya kudai hayo yote. Idhini ya Mamlaka ya Mapato nayo haimsaidii hapa: inaangalia risiti, haiangalii stoo wala madeni. Wafanyabiashara wa Kariakoo walionyesha Mei 2023, walipofunga maduka mpaka Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza, kwamba wanajua kujipanga jambo linapogusa mifuko yao. Jumuiya yao ingeweza kuwa na utaratibu wa kujaribu mifumo kabla wanachama hawajanunua, na utaratibu huo hauhitaji maabara: stoo moja, katoni moja inayouzwa nusu taslimu nusu mali kauli, umeme unaozimwa kitufe cha "Uza" kikiwa kimeshabonyezwa, na hesabu zinazofungwa jioni hiyo hiyo.