Kebo Hukatwa na Njia Yake

Dereva wa pikipiki aliyekwama kwenye mpando wa Salgaa, karibu na Nakuru, malori yakimpita ubavuni, huona kama kebo ya klachi imekatika ghafla. Kumbe imekuwa ikikatika kwa majuma mengi, uzi mmoja baada ya mwingine, mahali pale pale. Kesho yake hununua mpya kwenye duka la spea mjini Nakuru, fundi akaifunga chapuchapu ili kazi isilale, na baada ya muda mfupi nayo hukatikia palepale. Mara nyingi chanzo ni njia ambayo kebo imepitishwa, na njia ndiyo isiyoguswa na mtu.

Kebo ya namna hii, ambayo Ernest Bowden aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1896, ina sehemu mbili zinazofanya kazi kinyume. Ndani kuna waya uliosokotwa kwa nyuzi nyembamba za chuma, na huo huvutwa. Nje kuna ganda, ambalo ni springi ndefu iliyobanana na kuvikwa plastiki, na hilo husukumwa. Ukibana mkono wa klachi, waya unavuta na ganda linahimili nguvu ileile kuelekea upande wa pili. Ndiyo maana kebo inaweza kupinda, ikazunguka tangi, na bado ikafikisha mwendo kwenye injini. Ganda likikosa mahali pa kuegemea sawasawa, au likiwa limelegea, sehemu ya mwendo wa mkono huishia kulibana ganda lenyewe na klachi haifunguki yote. Gia huanza kuingia kwa kelele, na lawama huenda kwa gia.

Kila kona ina gharama yake. Waya unaovutwa hujibana kwenye ukuta wa ndani wa kona, na msuguano wa kona moja huzidishwa na wa kona inayofuata. Kinachohesabiwa ni jumla ya digrii zote ambazo kebo imepinda kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuchukue kigezo cha msuguano cha 0.15, yaani chuma kilichopakwa mafuta kiasi. Digrii 90 humtaka dereva avute kwa nguvu mara 1.27 ya ile inayohitajiwa na klachi. Digrii 180 ni mara 1.6. Zikifika 270 ni mara mbili. Kutu na vumbi vikipandisha kigezo hadi 0.3, basi digrii 180 peke yake hudai zaidi ya mara mbili na nusu. Springi za klachi ni zilezile, ila sasa upande wa juu wa waya unabeba mzigo maradufu kila gia inapobadilishwa, kutwa nzima.

Pikipiki ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ni mfano mzuri wa njia yenye kona. Ilibuniwa kwa nchi ambako pikipiki hupigishwa kazi nzito na kupelekwa kwa fundi kwa nadra, na injini zilizonakiliwa kutoka kwake nchini China zimebeba boda boda nyingi tangu Kenya ilipoziondolea kodi pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008. Mkono wa klachi uko kushoto, lakini kwenye injini klachi iko kulia, upande uleule wa ekzosi. Kwa hiyo kebo lazima ivuke shingo ya fremu nyuma ya taa, kisha ishuke kulia bila kugusa bomba. Kiwandani iliwekewa vishikizo vya kuielekeza. Kwenye pikipiki iliyowahi kuanguka, vishikizo hivyo huwa vimeng'oka na mahali pake pamefungwa ukanda wa tyubu uliokazwa kwelikweli. Kukaza hivyo ni kosa, maana ganda linahitaji kuteleza kidogo usukani unapogeuzwa. Likizuiwa, kebo hujikunja karibu na shingo, na hapo ndipo nyuzi huanza kukatika.

Vifaa vya kuongeza navyo huharibu njia. Madereva wa Molo na Elburgon, ambako asubuhi ni baridi kali, huvalisha usukani mifuko ya kukinga mikono. Mfuko huisukuma kebo chini pale inapotokea kwenye mkono wa klachi, na kona iliyokuwa pana inageuka kiwiko. Usukani ulioinuliwa huifanya kebo ya kawaida kuwa fupi. Mwavuli na chuma cha kukinga injini hudai nafasi ambayo kebo ilikuwa imepewa. Mteja akileta pikipiki ya hivyo, fundi mwema huanza kwa kuvisogeza vitu hivyo kabla ya kufungua nati yoyote.

Halafu kuna vumbi. Udongo wa Nakuru umetokana kwa sehemu kubwa na majivu ya volkano, na ndani ya majivu hayo mna chembe za kioo. Karibu na Gilgil, huko Kariandusi, huchimbwa diatomaiti, magamba ya silika yaliyoachwa na viumbe wadogo wa ziwa la kale, na mojawapo ya matumizi yake ni kung'arishia vyuma. Vumbi kama hilo likikutana na grisi nzito ndani ya ganda, waya unasagwa kila unapovutwa. Kebo za zamani zisizo na bomba la plastiki ndani zinahitaji oili nyepesi: funga kipande cha tyubu kwenye mdomo wa juu, mimina oili, iache ishuke usiku kucha. Zenye plastiki ndani zisitiwe grisi kabisa.

Grisi mahali pake ni kwenye kichwa, kile kipande kidogo cha mviringo kinachokaa ndani ya tundu la mkono wa klachi. Kichwa kinapaswa kuzunguka kidogo mkono unapobanwa. Kikikauka na kushika, waya hulazimika kupinda shinani mwake kila mara, chuma kinachoka, na nyuzi zinaanza kuchomoza.

Kabla ya kufunga kebo mpya, ilinganishe na ya zamani kwa urefu wa waya ulio wazi nje ya ganda, kwa sababu kebo mbili zenye ganda sawa zinaweza kutofautiana hapo. Ikiwa njia ya zamani ilikuwa sahihi, funga uzi kwenye ncha ya chini kabla ya kuichomoa, ili uzi ubaki njiani na kuivuta mpya. Marekebisho makubwa yafanywe kwenye nati za chini, na skrubu ya juu iachwe karibu imeingia yote. Ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20. Kisha geuza usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia, injini ikiunguruma. Nafasi hiyo ikipungua upande mmoja, kebo imebanwa mahali na kazi haijaisha. Baada ya siku ya kwanza barabarani ganda jipya huwa limekaa na nafasi imeongezeka, kwa hiyo ipimwe tena injini ikiwa baridi, na hapo skrubu ya juu inatosha.