Slaidi zilizopinda zilivyowaponza wauza samaki wa Nchelenge

NCHELENGE, Zambia

Kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Ziwa Mweru likiwamo, ili samaki wazaane. Soko la Kashikishi, lililo jirani na mji wa Nchelenge, hupoa. Ndiyo miezi ya kusaka mtaji, kwa sababu Machi ikiingia, mwenye fedha mkononi ndiye anayewahi mitumbwi.

Msimu mmoja wa namna hiyo, kikundi cha akina mama wanaouza samaki kati ya Nchelenge na Kilwa, ng'ambo ya Kongo, kiliitwa na mkopeshaji kueleza biashara yao. Walitaka mkopo wa majokofu na masanduku ya barafu. Mkopeshaji alitaka slaidi. Nilijitolea kuzitengeneza, na mimi ndiye niliyewaponza.

Orodha ya bei niliiandika safu tatu: kwacha, faranga na dola. Ili tarakimu zikae chini ya vichwa vyake, nilibonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi hadi macho yangu yakaridhika. Picha za mpale, chisense na samaki wa moshi nilizisogeza kwa kipanya, nikikadiria tu.

Kwenye kompyuta yangu zilipendeza. Kwenye kompyuta ya ukumbini, ambayo haikuwa na aina ya herufi niliyotumia, kila kitu kilihama. Bei ya mpale ikaangukia mstari wa chisense, na faranga zikasimama chini ya dola. Mkopeshaji akauliza kama kweli dagaa wa Mweru ni ghali kuliko mpale. Mwenyekiti wa kikundi, ambaye anazijua bei zote kichwani, alianza kujieleza, lakini kila alilosema lilipingana na ukuta uliokuwa nyuma yake. Wakaambiwa warudi kikao kijacho.

Nje, mama mmoja aliniambia bila hasira: "Mwanangu, samaki tukiwapanga hivi kwenye kichanja, nusu wangeoza." Alisema kweli. Juani samaki huachiwa nafasi ili hewa ipite, na ukitupa macho mara moja unajua wangapi wamebaki. Slaidi nayo inataka hivyohivyo.

Kazi ya kompyuta, si ya macho

PowerPoint imekuwapo tangu 1987, na kupanga vitu kwa mstari ni kazi ambayo programu yenyewe inaifanya. Teua kitu cha kwanza, shikilia kitufe cha Shift, kisha bofya vingine. Nenda Home, halafu Arrange, halafu Align. Anayetumia Google Slides ataona menyu ya Arrange juu kabisa, na ndani yake Align na Distribute.

Hapo kuna kazi mbili, na wengi huzichanganya. Align huvuta vitu vikae kwenye mstari mmoja. Distribute hugawa nafasi kati yake iwe sawa.

Kosa la kwanza ni kuchagua mwelekeo usiofaa. Picha tatu zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, ukibofya Align Left zote zitakimbilia kushoto na kulaliana. Zinazokaa ubavu kwa ubavu zinataka Align Top au Align Middle. Zinazopangwa kutoka juu kwenda chini ndizo zinazotaka Align Left. Ukikosea, Ctrl na Z hurudisha hali ya awali.

Kosa la pili ni kutumia Distribute kabla ya kuweka mipaka. Programu haivigusi vitu viwili vya pembeni. Husogeza vya katikati tu. Kwa hiyo weka cha kwanza na cha mwisho unapovitaka, ndipo uteue vyote. Vikiwa viwili tu, hakuna cha katikati cha kusogeza. Na ndani ya PowerPoint, angalia kama alama iko kwenye Align to Slide: ikiwapo, vitu vitatawanywa kwenye slaidi nzima, hata kama ulitaka vibaki kona moja.

Bei ziwekwe kwenye jedwali

Kwa orodha ya bei, usitumie kitufe cha nafasi kamwe. Ingiza jedwali, na tarakimu zielekeze kulia ili mamoja yakae chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Sarafu ziwe na safu zake, kila safu na kichwa chake. Jedwali halihami herufi zikibadilika. Linaweza kurefuka, lakini bei hubaki kwenye mstari wake.

Mwisho, hifadhi nakala ya PDF kwenye flashi ileile. Hiyo hufunguka ukumbini kama ilivyokuwa nyumbani.

Haya si mapambo kwa mfanyabiashara wa mpakani. Kongo iko COMESA, SADC na, tangu 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zambia iko COMESA na SADC. Anayeuza ng'ambo anaweza kujieleza mbele ya watu wasiojua mpale ni samaki gani wala gunia la chisense lina uzito gani. Hao huamini wanachokiona ukutani.

Kikao cha pili slaidi zilikuwa nne, na jedwali moja. Hakuna aliyeuliza swali kuhusu bei. Waliuliza kuhusu umeme na barafu, maswali ambayo akina mama walikuwa na majibu yake. Mkopo ulitoka Mei. Machi na Aprili walinunua kwa fedha walizokuwa nazo, na samaki wengine waliowazoea wakaenda kwa wanunuzi wengine.