Umbo la Seli za Jicho na Jinsi Linavyopimwa kwa Picha

Mwanafunzi wa Kaengesa aliyewahi kushika sega la asali ameona vijumba vyake vya pembe sita, kila kimoja kikipakana na vingine sita pasipo kuacha nafasi. Aliyepita kando ya dimbwi lililokauka wakati wa kiangazi katika nyanda za juu za Ufipa ameona mpangilio mwingine: tope lililopasuka vipande vipande, vingine vipana, vingine vyembamba na virefu. Mifano hii miwili yatusaidia kufahamu tabaka moja la seli lililomo ndani ya jicho. Katika ujana tabaka hilo hufanana na sega. Katika uzee na katika baadhi ya maradhi huelekea kufanana na tope lililopasuka.

Kazi ya seli tegemezi

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, ambao hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara ziendazo kwenye ubongo. Seli zipokeazo mwanga haziwezi kujitegemea. Nyuma yake kuna tabaka la seli tegemezi, lenye unene wa seli moja tu, na lenye rangi nyeusi iitwayo melanini. Seli hizo huzipitishia seli za mwanga chakula kitokacho katika mishipa ya damu, hufyonza mwanga uliozidi, na humeza ncha zilizochakaa za seli za mwanga. Kazi hiyo ya kumeza ilielezwa na Richard Young na Dean Bok wa Marekani mwaka 1969. Kwa kuwa ncha hizo hufanywa upya zote kwa muda wa siku 10 hivi, kazi ya kumeza ni ya kila siku, maisha yote.

Katika mtu mzima seli tegemezi kwa kawaida hazigawanyiki. Moja ikifa, hakuna nyingine inayozaliwa kushika mahali pake. Jirani zake hutanuka na kuliziba pengo. Zikitanuka hupoteza umbo lake la awali. Hivyo umbo la seli iliyo hai laweza kutueleza habari za seli zilizokufa jirani yake. Hii ndiyo sababu wachunguzi hujitaabisha kulipima.

Kutoka picha hadi tarakimu

Tishu hutiwa rangi inayoonyesha mipaka ya seli, kisha hupigwa picha kwa hadubini. Kompyuta huigawa picha katika nukta ndogo za mraba, huamua zipi ni za mpaka na zipi zimo ndani ya seli, halafu huzihesabu. Idadi ya nukta ikizidishwa kwa eneo la nukta moja, hupatikana eneo la seli. Mzingo nao hupimwa kwa kuufuata mpaka.

Kwa vipimo hivi viwili hupatikana kipimo cha uduara: zidisha eneo kwa 4π, kisha gawanya kwa mraba wa mzingo. Duara hupata 1; pembesita sawa hupata 0.91, mraba 0.79, na mstatili ambao urefu wake ni mara tatu ya upana hupata 0.59. Kadiri seli inavyorefuka au kupindapinda, ndivyo tarakimu inavyopungua.

Jaribio la darasani

Yafaa mwanafunzi ahakikishe jambo hili mwenyewe. Achore kwa bikari pembesita sawa yenye pande za sentimita 2, upande mmoja ukilala sambamba na mistari ya karatasi ya miraba. Eneo lake ni sentimita za mraba 10.39, na mzingo ni sentimita 12. Kipimo cha uduara ni 0.91, kama tulivyosema.

Sasa ajaze miraba midogo iliyomo ndani ya umbo hilo, kisha apime mzingo kwa kufuata kingo za miraba, kama mtu apandaye na kushuka ngazi. Mzingo utakaribia sentimita 14.93, na kipimo kitashuka hadi karibu 0.59. Pembesita kamili imepata tarakimu ileile ya mstatili mrefu! Kutumia miraba midogo zaidi hakuliondoi kosa hili, kwa maana ngazi hubaki ngazi hata vidato vyake vikiwa vidogo namna gani. Kompyuta inayopima mzingo kwa njia hiyo ingeweza kuiita seli nzima kuwa ni gonjwa. Ndiyo maana programu bora hulainisha mpaka kabla ya kuupima.

Kuna mtego wa pili. Katika tabaka ambalo seli tatu hukutana kwenye kila kona, wastani wa idadi ya jirani hukaribia 6 daima, tabaka liwe limepangika au limevurugika. Yenye jirani 5 husawazishwa na yenye jirani 7. Kwa hiyo wastani peke yake hautufai. Sharti tuhesabu ni seli ngapi katika kila mia zenye jirani 6 hasa.

Manufaa na mipaka yake

Maradhi ya retina yaletwayo na uzee yapo Afrika Mashariki pia. Mwaka 2007 na 2008 wachunguzi walipima macho ya watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi huko Nakuru, Kenya, na kupiga picha za retina zao. Lakini picha ya kawaida ya namna hiyo haionyeshi mipaka ya seli mojamoja. Vipimo vya umbo hufanywa zaidi kwa macho ya wanyama na ya watu walioyatoa yachunguzwe baada ya kufa, ingawa vyombo vya pekee sasa vyaweza kuona seli hizi katika jicho la mtu aliye hai.

Shule yenye kompyuta yaweza kutumia programu ya ImageJ, itolewayo bila malipo, kupima picha ya sega na ya tope lililokauka. Shule isiyo nayo yaweza kutumia uzi, rula na karatasi ya miraba. Katika njia zote mbili, mwanafunzi na aeleze kwanza jinsi alivyoupima mpaka, ndipo atoe tarakimu yake.