Ulinzi wa kijiji huanzia kwenye riziki ya vijana

Katika Sura ya Quraish, Mwenyezi Mungu (S.W.) anataja neema mbili kwa pamoja: kulishwa wakati wa njaa na kusalimishwa na hofu. Nasi tunapozungumzia usalama wa vijiji vyetu, hatuna budi kuzitazama pamoja.

Tuchukue mfano wa Suji, kata ya milimani wilayani Same. Wapare huiita kazi ya pamoja msaragambo: wito hutolewa, watu wakatoka kuchimba mfereji au kutengeneza njia. Ulinzi wa usiku wa vijijini nao husimama juu ya moyo huo wa kujitolea. Lakini kijana anayekesha akilinda mali ya jirani, kisha akapambazukiwa hana kazi, tumemtwika mzigo mzito.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 146, inaujumuisha ulinzi wa wananchi katika majukumu ya serikali za mitaa. Ndiyo maana halmashauri ya kijiji huwa na kamati ya ulinzi na usalama.

Upo pia mlango wa riziki. Tangu mwaka 2018, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba; kwa familia ya Kiislamu, hilo si jambo dogo. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024.

Fedha hizo hazikutengwa kwa jina la ulinzi, lakini kijana mwenye shughuli ya halali ana sababu ya kuilinda amani. Na deni ni amana: asiyelipa amemfungia mlango kijana anayefuata.

Basi wazazi tusiuache mkutano mkuu wa kijiji kwa watu wachache. Tuulize: ni vikundi vingapi vya vijana wetu vimeomba, na vingapi vimepata? Kamati ya ulinzi imekutana lini? Na akina mama wasikilizwe, kwani wao ndio wanaojua ni njia ipi binti huiogopa anaporudi madrasa magharibi inapoingia.

Tukiyauliza hayo kwa adabu na bila kuchoka, walinzi wetu hawatakesha peke yao.