Kabla Ubishane Urojo ni wa Nani, Soma Hii Kwanza

Ukitaka kuanzisha vita Old Town bila kurusha ngumi, simama jioni penye watu wanakula urojo useme kwa sauti, "hii si ni chakula ya Wahindi?" Mzanzibari akiwa karibu atakukata hapo hapo: ni ya Unguja. Wa Mombasa atakuambia ameikuta kwa nyanyake. Na kila mmoja ana haki yake kidogo, ndio maana hii kesi haiishi.

Kama umeshuka juzi na SGR, urojo ni mchuzi mzito wa njano, mchachu, wa unga wa ngano, manjano, chumvi na embe mbichi au ukwaju. Unga unakorogwa kwanza na maji baridi usifanye madonge, ndio unamiminwa kwa maji yanayochemka huku mwiko hautulii. Mchuzi peke yake hauna maajabu. Shughuli iko kwa vile vinatupwa ndani: viazi vya kuchemsha, bhajia za dengu au kunde, kachori, mishkaki, yai, mihogo ya kukaanga ile ya kukwaruza, chatne ya nazi, pilipili. Ndio wengi wanaita tu mix.

Sasa turudi kwa kesi. Bhajia na kachori hapo hakuna ubishi, ni mkono wa Wahindi. Wafanyabiashara wa Gujarati walikuwa wanakuja pwani hii na upepo wa kaskazi karne nyingi kabla ya reli, na reli yenyewe, kuanzia 1896, ikaleta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Embe pia lilitoka huko, hata jina ni jamaa ya "amba" yao. Mihogo na pilipili ni za Amerika, zikafika upande huu enzi za Wareno, hao hao walioanza kujenga Fort Jesus 1593. Kiazi pia ni cha Amerika, ila chenyewe kilichelewa sana.

Lakini shika hii: ukwaju ni wa Afrika. Mti wenyewe asili yake ni bara hili, ukaenda India zamani sana, ukazoea mpaka Waarabu wakauita "tamr hindi", yaani tende ya India. Kunde nazo ni hivyo hivyo, zao la Afrika. Kwa hivyo ukichovya bhajia ya kunde kwa ukwaju, ustadi ni wa Gujarati lakini mali ni ya kwetu, imeturudia ikiwa imekaangwa. Haya, sema sasa ni ya nani.

Na si sisi peke yetu. Kusini mwa Vietnam kuna supu ya tambi za mchele inaitwa hủ tiếu. Jina ni la Wachina wa Teochew, Wakhmer wa Cambodia wakaipika kivyao, ndio ikashuka Saigon. Ile inayosifika zaidi ni hủ tiếu Nam Vang, na Nam Vang ni vile Wavietnam wanaita Phnom Penh. Wanadishi chakula chao kikiwa na jina la mji wa jirani, sawa na wewe kuagiza Zanzibar mix ukiwa Mombasa, na hakuna anayekosa usingizi.

Kitu wabishi wanasahau ni kwamba meli hazijaacha kuleta. Zamani ilikuwa majahazi, Bandari ya Kale. Leo ni upande wa pili wa kisiwa, Kilindini, kwenye kina kirefu kama jina linavyosema. Ngano nyingi tunayokula Kenya ni ya kuagizwa na inashukia hapo. Mafuta ya mawese ya kukaangia nayo, mengi yanatoka Malaysia na Indonesia. Februari 2022 Urusi ikavamia Ukraine. Mwisho wa Aprili Indonesia ikazuia mawese yasitoke nje kwa wiki kadhaa. Bei ya unga na mafuta ikaruka mpaka mtaani. Na muuza urojo ana njia mbili tu: apandishe bei umkimbie, au apunguze bhajia ununie bakuli. Hakuna ya tatu. So siku ukihesabu bhajia ukapata mbili badala ya nne, kabla umrukie mama wa watu, cheki kwanza nini kinaendelea bandarini.

Ukiagiza, onja mchuzi kabla ya kumwaga pilipili. Ukiona hauchachi, omba ndimu. Bhajia zimalize mapema kabla zilowe. Na kama unabeba nyumbani, mwambie mchuzi auweke kando, la sivyo foleni ya feri ikikushika utafika Likoni na uji.