Anayemaliza Hesabu Kabla ya Wenzake

Mwanafunzi wa shule ya msingi anayemaliza zoezi mapema mara nyingi hupewa mojawapo ya kazi tatu: kuandika majina ya wapiga kelele, kumsaidia mwalimu kusahihisha madaftari, au kufanya hesabu kumi zaidi zinazofanana na zile alizokwisha kufanya. Hiyo ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Mtoto mwerevu hung'amua upesi kwamba malipo ya kumaliza kazi ni kazi, naye huanza kujikokota.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inawataja wenye vipawa kati ya wanaohusika na elimu ya mahitaji maalumu. Sheria hiyohiyo inapiga marufuku tuisheni ya likizo, ambayo ndiyo wazazi wengi wanayoikimbilia wakiambiwa mtoto wao ana kichwa. Kumfundisha leo sura atakayoikuta muhula ujao si kukuza kipawa. Ni kumwandalia muhula wa kupiga miayo.

Joseph Renzulli, mtaalamu wa Marekani, alipendekeza mwaka 1977 njia nyingine: mtoto aonyeshwe mambo yasiyomo katika silabasi, afunzwe mbinu za kuchunguza, kisha aachiwe tatizo la kweli alishughulikie. Tatizo la namna hiyo halihitaji maabara. Katika shule ya kijijini kama za Myanga, magharibi mwa Kenya, gorogoro inatosha.

Mkebe huo uliokuwa wa mafuta ya kupikia, wanaouita wa kilo mbili, ndio kipimo cha mahindi na maharagwe sokoni. Mwalimu wa Gredi ya 5 awaulize wachache waliomaliza: gorogoro moja ina punje ngapi za mahindi? Hakuna atakayekaa kuzihesabu zote. Mmoja atahesabu za kikombe cha chai, kisha aone vikombe vingapi vinajaza mkebe. Mwingine ataomba mizani dukani apime punje 100. Majibu yatapishana, na hapo ndipo kazi inapoanza: la nani liko karibu na ukweli, na tutajuaje? Kisha waulizwe kama gorogoro ya mahindi kweli ina kilo mbili, na kama ya maharagwe ina uzito uleule.

Kuna jingine, tamu zaidi. Wauzaji wengine hubonyeza kitako cha mkebe kiingie ndani. Waambiwe: tafuteni mkebe mzima na uliobonyezwa, mjaze maji, mpime tofauti, mtafute mnunuzi anapunjwa asilimia ngapi. Mtoto wa miaka kumi akiipata asilimia hiyo kwa mikono yake, hahitaji tena kukaririshwa maana yake. (Sishauri apelekwe kuitangaza mbele ya kibanda cha mama muuzaji.)

Nani apewe kazi hizi? Namba moja wa darasa, ndiyo, lakini si yeye tu. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Waliwapima watoto ujuzi wa dawa za mitishamba, wakawapa pia majaribio ya msamiati. Waliobobea katika mitishamba walielekea kupata alama za chini katika msamiati. Mtihani mmoja, basi, ungewaacha nje watoto wenye akili pevu. Mwalimu amtazame pia yule anayefungua redio mbovu, anayeunda gari la waya lenye usukani unaogeuka, anayeuliza "mbona" mpaka anachosha. Mara nyingi jina lake limo kwenye ile orodha ya wapiga kelele.

Hatua ya kwanza ya Renzulli, ya kuonyeshwa, ndiyo yenye gharama, kwa kuwa inataka nauli. Hata hivyo mjini Kitale kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974. Yalianza na mkusanyiko wa Hugh Stoneham, mlowezi aliyetumia miaka mingi kukusanya vipepeo, wadudu na vitabu. Shule nyingi hupeleka watoto, wakapiga picha, wakanywa soda, wakarudi. Safari hiyo ina faida ikiwa kuna wawili watatu watakaopewa muhula mzima kukusanya wadudu wa Myanga, kuwachora, kuwapanga kwa makundi waliyoyabuni wenyewe, kisha kusimama mbele ya darasa na kueleza kwa nini nondo huyu hawakumweka pamoja na vipepeo.