Upasuaji wa kupunguza uzani haumalizi safari ya mgonjwa wa kisukari

UPASUAJI wa kupunguza uzani umewafaidi wagonjwa wengi wa kisukari kote duniani, kiasi kwamba baadhi yao huondoka hospitalini wakiwa wamepunguziwa dawa walizozitegemea kwa miaka mingi.

Hata hivyo, upasuaji huo si muujiza. Mgonjwa asiyejiandaa vyema huhatarisha maisha yake akiwa mikononi mwa madaktari, naye anayepuuza masharti baada ya kurejea nyumbani anaweza kuzirai kwa kupungukiwa na sukari mwilini, au akauona ugonjwa ukimrudia baada ya miaka michache.

Suala hili linawahusu Wakenya moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzani uliopita kiasi, na unene ni miongoni mwa mambo makuu yanayochangia kisukari cha aina ya pili.

Upasuaji wenyewe hufanywa katika baadhi ya hospitali za kibinafsi jijini Nairobi, nao si wa bei nafuu. Kuna pia wanaosafiri ng'ambo kuutafuta. Popote unapofanyiwa, utunzaji wa baadaye hufanyika nyumbani, na hapo ndipo penye mtihani.

Unavyofanya kazi

Kuna njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni kukata na kuondoa takriban robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi, hivi kwamba sehemu inayobaki hufanana na mrija mwembamba. Ya pili ni kutengeneza kijifuko kidogo juu ya tumbo, kisha kukiunganisha na utumbo mwembamba ili chakula kisipitie sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Jambo lililowashangaza madaktari ni kuwa sukari ya damu huanza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla mgonjwa hajapunguza kilo nyingi.

Sababu mojawapo ni kwamba mgonjwa hula kidogo sana katika siku hizo, na ini lake hupumzika. Aidha, chakula hufika upesi kwenye utumbo, nao ukatoa kwa wingi homoni iitwayo GLP-1 ambayo huihimiza kongosho kutoa insulini.

Mnamo 1995, daktari Walter Pories wa Chuo Kikuu cha East Carolina nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya wagonjwa 608 waliofanyiwa upasuaji wa njia hiyo ya pili. Miongoni mwa waliokuwa na kisukari cha ukubwani na kufuatiliwa, asilimia 83 sukari yao ilirejea kiwango cha kawaida.

Lakini muda ulipopita ilibainika kuwa ugonjwa huo hurudi kwa wengi. Nchini Uswidi, wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka mingi walionyesha kuwa asilimia 72 hawakuwa na kisukari miaka miwili baada ya upasuaji. Ilipofika miaka 15, idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 30.

Ndiyo maana madaktari husita kutumia neno 'kupona', na badala yake husema kisukari kimetulia. Kwa mujibu wa makubaliano ya wataalamu wa kimataifa ya 2021, ugonjwa huhesabiwa umetulia iwapo kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa muda wa takriban miezi mitatu, kiko chini ya asilimia 6.5 angalau miezi mitatu baada ya mgonjwa kuacha dawa zote za sukari.

Wenye matumaini makubwa zaidi ni wale ambao hawajaugua kwa miaka mingi na hawajaanza kutumia insulini, kwa sababu kongosho yao ingali na nguvu. Kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, upasuaji unaweza kupunguza uzani na kiasi cha insulini wanachohitaji, lakini katu hawapaswi kuiacha insulini yenyewe.

Kabla ya upasuaji

Maandalizi huanza wiki kadhaa, na mara nyingi miezi, kabla ya siku yenyewe. Madaktari hupendelea HbA1c ya mgonjwa iwe asilimia 7 au chini yake, ingawa kwa aliyeugua kwa muda mrefu na kupata madhara, kiwango cha hadi asilimia 8 hukubalika. Sukari ikiwa juu mno, kidonda huchelewa kupona na maambukizi hupata nafasi.

Macho ni lazima yapimwe. Sukari inaposhuka kwa ghafla baada ya kuwa juu kwa muda mrefu, mishipa midogo ya macho iliyokwisha kuathirika inaweza kuharibika zaidi. Moyo, figo, na viwango vya madini na vitamini mwilini pia huchunguzwa.

Katika wiki mbili za mwisho, wagonjwa wengi huwekwa kwenye mlo mwepesi sana ili ini lipungue ukubwa na kumrahisishia mpasuaji kazi. Hapa pana hatari isiyoonekana. Mtu aliyezoea ugali na chapati akianza ghafla kula kidogo huku akiendelea na kipimo kile kile cha insulini au vidonge kama vile glibenclamide, sukari yake inaweza kushuka vibaya. Kwa hivyo dawa hizo hupunguzwa na daktari mlo unapobadilishwa, na mgonjwa hujipima mara nyingi zaidi kwa siku.

Dawa za kundi la dapagliflozin na empagliflozin husimamishwa angalau siku tatu kabla ya upasuaji. Zikiendelezwa, zinaweza kusababisha asidi kujaa kwenye damu ilhali mashine ya sukari inaonyesha kiwango kisicho cha kutisha. Kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi ni dalili zinazohitaji hospitali mara moja.

Mgonjwa pia hutakiwa kumweleza daktari dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba, na kuacha sigara.

Siku na wiki za kwanza

Akiwa wodini, mgonjwa hupimwa sukari kila baada ya saa chache, na lengo aghalabu huwa kati ya milimoli 7.8 na 10 kwa lita. Dawa zinazolazimisha kongosho kutoa insulini, kama vile glibenclamide na gliclazide, kwa kawaida husimamishwa. Insulini hupunguzwa kwa kiasi kikubwa, lakini mgonjwa hapaswi kujikatia uamuzi huo mwenyewe.

Metformin inaweza kuendelea, ila tembe kubwa au zile zinazoyeyuka polepole hubadilishwa kwa zinazoweza kusagwa au za maji.

Chakula huanza na vinywaji visivyo na sukari, kisha vitu laini kama maziwa lala, mayai na maharagwe yaliyopondwa, na hatimaye chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Protini huliwa kwanza, angalau gramu 60 kwa siku. Samaki, omena, kuku, ndengu na mayai hufaa. Uji wenye sukari, soda na mandazi havifai.

Maji hunywewa kwa mafunda madogo mchana kutwa, si pamoja na chakula. Anayetapika mfululizo na kushindwa kunywa arudi hospitalini, kwani anaweza kukaukiwa na maji na kupungukiwa na vitamini B1 inayolinda mishipa ya fahamu.

Sukari inaposhuka

Hatari nyingine hujitokeza baadaye, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au zaidi, hasa kwa waliounganishwa utumbo. Saa moja hadi tatu baada ya kula vyakula vya wanga au vitamu, mwili hutoa insulini kupita kiasi na sukari ikaporomoka, hata kwa mtu asiyetumia dawa yoyote ya kisukari.

Dalili zake ni jasho jembamba, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Kwa dereva wa matatu au mwendeshaji bodaboda, dakika chache za hali hiyo zinaweza kugharimu roho za watu.

Sukari ikiwa chini ya milimoli 4, mgonjwa hunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, hupima tena baada ya dakika 15, kisha hula kitu kidogo chenye protini ili sukari isiporomoke upya. Akizirai, asimiminiwe chochote kinywani bali akimbizwe hospitalini. Kinga bora ni kula kidogo kidogo, kutanguliza protini na kuepuka vitu vitamu.

Masharti ya maisha

Vitamini na madini huendelea maisha yote: madini ya chuma, kalisi, vitamini D na B12. Wanaotumia metformin wana sababu ya ziada ya kupima B12, kwani dawa hiyo nayo huipunguza. Dawa za maumivu kama vile ibuprofen na diclofenac, ambazo wengi hununua dukani bila kufikiri, zinaweza kuleta vidonda hatari pale tumbo lilipounganishwa.

Wanawake hushauriwa wasishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 ya kwanza, na wasitegemee tembe za kupanga uzazi bila kumwuliza daktari kwani huenda zisifyonzwe vyema. Akiwa mjamzito baadaye, akumbushe kliniki kuhusu upasuaji wake, maana kipimo cha kunywa glukosi kinaweza kumdhuru.

Kwa Waislamu, saumu ya Ramadhani huhitaji ushauri wa daktari, hasa katika mwaka wa kwanza ambapo kukaa bila maji mchana kutwa ni hatari.

Mgonjwa ambaye kisukari chake kimetulia bado anapaswa kupima HbA1c angalau mara moja kwa mwaka, na kukaguliwa macho, figo na miguu. Madhara yaliyoanza zamani hayafutiki kwa kisu cha daktari.

Wengi huhudhuria kliniki kwa bidii mwaka wa kwanza, kisha wakatoweka wanapoona nguo zimewapwaya na sukari imeshuka. Kilo zikianza kurudi, sukari nayo hurudi kimyakimya, na mtu hugundua wakati macho yameanza kuona ukungu. Anayeendelea kupima huigundua mapema, na dawa kidogo pamoja na kurekebisha mlo huweza kuirudisha chini kabla haijaleta madhara.